Nilipaka rangi nyumba ya Lipangalala ili iuzike, ikanishushia bei milioni nane

Laki nne na elfu sitini.

Hiyo ndiyo gharama ya mkasa wote, wakuu. Nimehesabu mara mbili. Mara ya kwanza ilikuja laki nne na hamsini na tisa, nikakumbuka soda ya dalali.

Wazima humu? Wakubwa zangu shikamooni, rika langu mambo vipi. Hii si chai. Mke wangu naye anasoma humu kwa ID ambayo hajawahi kuniambia, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi nauza spea za pikipiki na baiskeli Ifakara mjini. Nyumba yangu iko Lipangalala. Vyumba vitatu, sebule, jiko la nje, baraza la kutosha kuanikia mpunga. Siyo ghorofa, lakini ni ya kwangu.

Mke wangu, Mama Eliza, ni mwalimu. Alihamishiwa shule moja upande wa Kidatu, akaondoka na watoto wote wawili. Mimi nikabaki na duka na nyumba. Kila mwisho wa mwezi napanda basi kwenda kuwaona.

Tuliishi hivyo nikijua ni mambo ya muda tu. Mpaka siku moja nimefika, nimeoga, nimekula, kitinda mimba wangu Deo akanikalia mapajani akauliza:

"Baba, leo utalala hapa au utarudi kwako?"

Kwako, wakuu. Hakusema nyumbani.

Nilirudi Ifakara na uamuzi. Nauza nyumba, nahamisha duka, tunajenga Kidatu, mtoto akome kuniita mgeni kwa adabu.

Sasa tatizo likawa soko.

Kwa msiolijua bonde letu, huku nyumba zinauzwa na mpunga. Mpunga ukiwa na bei, watu wananunua mabati, viwanja, pikipiki, na wengine wanaoa mke wa pili. Mpunga ukishuka, hata salamu zinakuwa fupi. Na msimu ule ulikuwa umeshuka.

Nikamtafuta dalali mmoja kijana, tumuite Bosco.

"Brother, soko limelala."

"Limelala au limekufa?"

"Limelala. Ila halikoromi."

Bei yangu ilikuwa milioni thelathini na nane. Mteja wa kwanza, mstaafu mmoja wa kutoka Mahenge, alifika thelathini na mbili. Nikamwambia akafikirie, nikimaanisha aongeze. Yule baba anafikiria mpaka leo.

Ikapita miezi hakuna simu. Hapo ndipo akaingia shemeji yangu Fidelis, mdogo wake Mama Eliza. Fidelis ni fundi rangi, aliwahi kufanya kazi Dar, na Dar haijamtoka mdomoni.

"Shemeji, Dar hakuna anayeuza nyumba ikiwa uchi. Ivalishe."

Tukaivalisha. Juu rangi ya maji, cream. Chini, kuanzia juu ya msingi mpaka usawa wa kiuno, rangi ya mafuta ya kahawia, inang'aa mpaka kuku wanajiangalia. Ufundi alinifanyia bei ya shemeji, ambayo baadaye niligundua ni kubwa kuliko bei ya mtu baki.

Nikakaa barazani kusubiri foleni.

Wateja walikuja kweli. Lakini kila mmoja akifika, haangalii dari, haulizi choo. Anachuchumaa. Anatazama ukuta chini, anapitisha kidole, anasimama, anaaga. Wa kwanza nilidhani kaangusha kitu. Wa tatu nikaanza kuangalia kama kuna mchwa.

Na bei zikawa za matusi. Aliyejitahidi alitaja ishirini.

Siku hiyo Bosco akaniletea Mama Scola. Huyu ni mama mtu mzima, anafanya biashara ya mchele, anakaa mitaa miwili chini yetu, upande wa bondeni. Sifa yake mjini ni kwamba hanunui hata fungu la nyanya bila kuvutana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba Eliza, nyumba yako imevaa soksi."

"Ni rangi ya mafuta mama. Mtoto akichafua unapitisha kitambaa tu."

"Naiona. Ila mimi ni mtoto wa Lupiro. Mtu akivaa soksi kwenye joto hili, ana kidonda. Niambie ukweli, yaliishia wapi? Gotini au kiunoni?"

"Yaliishia nini?"

"Maji, baba!"

Wakuu, nilitamani ardhi ipasuke, ila na yenyewe nilikuwa naiuza.

Huku kwetu kila mtu anajua kusoma ukuta. Mto ukitoka kwenye njia yake, maji yakishakauka yanaacha mstari kwenye nyumba, na mnunuzi anausoma ule mstari kama unavyosoma kilomita za gari la mtumba. Mimi ambaye nyumba yangu haijawahi kuingia maji, nimelipa hela yangu kupaka rangi nzito palepale ambapo mtu anafichia mstari. Yaani nimejichongea mwenyewe, kwa rangi ya kung'aa.

Nikaapa kwa majina yote ya kikanisa ninayoyajua. Mama Scola akacheka.

"Kila muuzaji anaapa mwanangu. Ukuta ndio hauapi. Nakupa ishirini na nne, na humo kuna huruma."

Nikampigia mke wangu. Mama Eliza ni Mpogoro, na wakati tunajenga ndiye aliyeng'ang'ania msingi wa mawe upandishwe juu. Mimi nilikuwa napiga kelele kwamba tunazika hela ardhini. Alinijibu hivi: "Sisi wa mlimani hatulali na maji." Safari hii akaniambia nisiuze nyumba kama mtu anayeungua mkono.

Nikamwambia nimechoka kupanda basi.

Akasema, "Basi amua wewe."

Nikaamua. Tukapatana na Mama Scola kwa hiyo hiyo ishirini na nne, kwamba baada ya Pasaka analeta hela, tunaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mama Eliza na watoto wakaja kwa likizo, tukijua ndiyo ya mwisho pale. Akawa anafagia uwanja bila kuimba. Kwa wanaomjua, hiyo ni taarifa rasmi.

Pasaka ikapita. Mvua haikupita.

Asubuhi moja tumeamka, barabara haipo. Mto Lumemo umetoka kwenye njia yake na unatembea mtaani kama mwenyeji. Maji yakaingia uani, yakameza jiwe la kufulia, yakagusa ngazi ya kwanza, yakagusa ya pili. Mimi nimesimama mlangoni na godoro kichwani, sijui nalipeleka wapi.

Kwenye ngazi ya pili yakasimama.

Tukasubiri. Hayakupanda tena.

Kufika saa nne nyumba yetu imejaa majirani, kuku, na redio ya mtu. Mara nasikia hodi. Ni Mama Scola, khanga imelowa mpaka kiunoni, nyuma yake vijana wamejitwika magunia ya mchele. Kwake yalikuwa yamefika madirishani.

"Karibu mama, pole sana."

Hakuketi. Alisubiri magunia yote yaingie, halafu akatoka barazani, akachuchumaa, akatazama chini kwenye msingi pale maji yalipoishia. Akatazama muda mrefu.

"Kumbe hukuwa na kidonda."

"Mama, si nilikwambia?"

"Uliniambia kama muuzaji." Akasimama. "Thelathini na nane yako nakupa. Maji yakishuka tu."

Wakuu, nisomeni vizuri hapa.

Yule mama hakupunguza hata shilingi. Mama Scola! Mimi ninayejulikana kwa kuomba punguzo mpaka kwa muuza vocha, kwa mara ya kwanza maishani nikapewa bei niliyoitaka, na nikaingiwa na shaka. Kama yeye amekubali bila kuvutana, na soko lenyewe limelala, basi mwenye kosa ni bei yangu, ni ndogo.

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka sebuleni, kwa Mama Eliza: "Haiuzwi mama. Ila inapangishwa."

Mabishano yakaanzia hapo, mimi nimekaa pembeni nachuma elimu. Mama Scola akavuta chini, mke wangu akavuta juu, majirani wakawa wanahesabia. Wakakutana kwenye kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nikapiga hesabu, nikarudia. Inalipa vyumba vya Kidatu pamoja na fremu ya duka, na chenji inabaki. Wazo la kupangisha lilitujia bei zilipoporomoka, ila nani angepanga nyumba yenye kidonda?

Maji yaliposhuka yaliacha mstari kwenye msingi, shibiri moja chini ya zile soksi. Mama Eliza akaja na brashi na ndoo. Nikamzuia. Ule mstari ndiyo hati yangu, usiguswe.

Sasa hivi naandika nikiwa Kidatu. Wafanyakazi wa miwa wanavunja sana pedeli, Mungu awazidishie. Deo hajaniuliza tena nalala wapi.

Nilichojifunza: soko likilala, usiliamshe kwa rangi. Na kwa anayeuza nyumba bondeni, acha miguu yake ionekane.

Limebaki moja, na ndilo ninaloombea ushauri. Nilimpigia Fidelis nikamwambia kistaarabu, shemeji, rangi yako iliniharibia bei, rudisha angalau hela ya ufundi.

Jibu lake: "Shemeji, bila rangi yangu si ungekuwa umeshauza kwa thelathini na mbili? Hiyo nyumba nimeiokoa mimi. Nasubiri asilimia yangu."

Nimepiga hesabu mara mbili, na mara zote mbili jamaa ana hoja. Mama Eliza nimemuuliza, anacheka tu.

Wakuu, hapa nani anamlipa nani?