Tuta la Kumi na Mbili

"Dada Breki, nakuomba," nesi alisema kutoka nyuma. "Tuta likimrusha huyu, shingo imekwenda."

Dereva wa gari la wagonjwa, Dada Breki mwenyewe, aliitikia kwa kichwa. Kwenye machela alilala mwashi aliyeanguka asubuhi hiyo kutoka ghorofa ya pili, shingo ndani ya kola ngumu, kichwa kati ya viganja vya nesi. Mpaka hospitali kulikuwa na matuta kumi na moja, na dereva aliyajua yote.

Ghafla mwashi akaanza kuhaha. "Miguu siisikii! Niacheni niinuke!"

"Kaka, nisikilize mimi," dereva alisema, macho barabarani. Miaka tisa aliendesha lori akivuka mipaka, na kilichomjia mdomoni kilikuwa cha huko. "Linakuja tuta. Kuna nchi wanaliita askari aliyelala." Gari likanyata, likapanda, likashuka. "La pili hili. Kwingine wanasema mgongo wa punda."

Mwashi akatulia kidogo. "Na la tatu?"

"Askari maiti."

"Kwani nani kamuua?"

"Usimchekeshe!" nesi akafoka. "Akicheka anatikisika!"

Majina yalipomwishia dereva, akabuni mengine. Walipopita la kumi na moja akashusha pumzi, akakanyaga mafuta. Hapo ndipo alipoona mbele kivimbe cheusi kama lami yenyewe, hakina rangi wala kibao. Kufunga breki ghafla kungemmaliza mgonjwa. Aliachia mafuta, akashusha gia moja baada ya nyingine, meno ameyauma. Magurudumu yakagusa. Nesi akafumba macho.

Yakapita.

"Hilo linaitwaje?" mwashi akauliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, kaka. Silijui kabisa."

Hospitalini, daktari alisema mfupa wa shingo umepasuka, lakini mishipa ya fahamu imebanwa tu, haijakatika. Kabla ya saa kumi, kidole gumba cha mguu kilicheza.

Dereva alirudi kwenye kivimbe kile damu ikimchemka. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia pembeni.

"Nani kaweka kitu hiki bila alama?"

"Sisi wenyewe, juzi, kwa mabaki ya lami," mwanamke akajibu, akiendelea kufagia. "Binti yangu aligongwa hapa. Tunaliita Pole Mwanangu."

Dereva akainama, akakipapasa kivimbe kwa kiganja.

"Pole, mama," akasema. "Rangi nyeupe ninayo nyumbani. Jumamosi utakuwepo?"

"Nitakuwepo."