Soksi za Mzee wa Maegesho

Mzee wa maegesho ya baiskeli pale stesheni ya treni alizipanga baiskeli kama anayelaza watoto wachanga. Kila iliyobanana na mwenzake aliivisha soksi kuukuu kwenye fremu, rangi isichubuke, akinong'ona, "Tulia, mama." Chizuru, mwenye baiskeli mpya nyekundu, alimcheka kila asubuhi.

Leo upepo uliangusha safu nzima, moja ikiisukuma nyingine, kuelekea ile nyekundu. Mzee akaruka, akajitandaza katikati.

"Babu! Umeumia?" Chizuru alipaza sauti, akija mbio.

"Niache mimi, Chizuru! Tazama rangi!"

Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Chizuru, akicheka mpaka machozi, akamvuta mguu kumtoa. Kiatu kikachomoka: mguu mtupu. Soksi zake zote mbili zilikuwa zimevaliwa na ile nyekundu.