Mapacha Wetu na Darasa la Vipaji

Mzazi akiitwa shuleni siku ya kazi, huwa kuna mambo mawili tu: mtoto wake kapiga au kapigwa. Mimi na mume wangu tulikwenda tukiwa tumejiandaa kwa lolote kati ya hayo. Mwalimu wa taaluma akatukaribisha ofisini, akatuonyesha viti, akasema ana habari njema. Mmoja wa mapacha wetu ana kipaji maalumu. Shule ingependa, akiingia la nne, awekwe katika darasa la vipaji, ambalo watoto wake hulala bweni na kufundishwa kwa namna yao.

"Mmoja?" nikauliza.

"Mmoja, mama," akasema, akamtaja.

Sikuhisi kitu. Nimewasikia wazazi wakisimulia jinsi walivyobubujikwa na machozi siku kama hiyo, na ninawaamini. Mimi niliangalia kalenda iliyokuwa nyuma ya mwalimu, nikaona mwezi uliopita bado haujafunuliwa, nikawaza kwamba hapa hakuna anayefunua kalenda.

Wala haikuwa habari ngeni. Kwetu Nzuguni maji huja kwa mgao, na hakuna mtu mzima mtaani aliyewahi kuuelewa ule mgao. Mtoto yule aliuelewa. Alikuwa akikaa kizingitini, anatazama nani kapata maji na nani hajapata, halafu anasema kesho kutwa yatatoka kwetu asubuhi. Na yanatoka. Mwenzake ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani watege ndoo, na ndiye aliyebeba zetu. Nyumbani tulikuwa tukiwatania kwamba mmoja kapewa kichwa, mwingine kapewa miguu. Utani wa aina hiyo ni mtamu mpaka aje mtu mwenye mamlaka aukubali.

"Sasa hiki kipaji," mwalimu akauliza huku akitabasamu, "kimetoka kwa baba au kwa mama?"

Mume wangu akajiweka sawa kwenye kiti. "Kwangu hicho, mwalimu. Mimi kwenye hesabu nilikuwa sikamatiki."

Hakuwa anadanganya. Mume wangu ni dereva, mtu mwema, na alikuwa amesahau kabisa kwamba mtoto yule hana hata tone moja la damu yake.

Mtoto ni wa mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, anayeishi Kolo. Alijifungua wiki chache baada yangu, kisha akaugua ugonjwa wa kichwa unaowapata baadhi ya wazazi, akawa hamtambui mwanawe. Mama yetu akanikabidhi kile kichanga. "Maziwa unayo," akasema, na mjadala ukaishia hapo. Nikawanyonyesha wote, huyu titi hili, yule titi lile. Mdogo wangu alipopata nafuu, mtoto alikuwa anatembea na ananiita mama. Kwetu mama mkubwa ni mama, kwa hiyo hakuna aliyeona cha kurekebisha. Majirani wakasema mapacha, tukaitikia. Shule nayo ikasema mapacha. Watoto wenyewe hawakujua vingine. Na kwa kuwa mwanangu alimwita mdogo wangu mama mdogo, yule mwenzake naye alimwita mama yake mzazi mama mdogo. Mdogo wangu akawa anaitika.

Tulipotoka shuleni mume wangu aliongea njia nzima. Angempigia nani kwanza, nani alikuwa akimdharau. Mimi nilikuwa na jambo moja tu: mwanangu hakuchaguliwa. Lilikuwa limenikaa kifuani kama jiwe la kusagia lisilosaga chochote. Mimi ni katibu muhtasi katika ofisi moja kule Chimwaga, na kazi yangu kubwa ni kuchapa barua za waliochaguliwa na za wasiochaguliwa. "Tunasikitika kukufahamisha." Vidole vyangu vinaichapa sentensi hiyo huku mimi nawaza mboga ya jioni. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili kuna mtu anaisoma.

Majirani wakaja kutoa hongera. Mama mapacha, umejaliwa. Mama mapacha, sisi wetu wanajua kula tu. Nikawa nacheka pale panapopaswa kuchekwa. Mwanangu alikuwa akipita katikati yao na vikombe vya chai, na wao walikuwa wakivipokea bila kumtazama usoni.

Niliahirisha kumpigia mdogo wangu mpaka nikaona aibu. Nilipompata, nikajikuta sijui nimwite mtoto kwa jina gani mbele ya mama yake.

"Yule mtoto kachaguliwa darasa la wenye vipaji," nikasema. "Atakwenda bweni."

Nikasikia kuku wa kwake.

"Na mwenzake, dada?"

Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo. Si mwalimu, si jirani, si mume wangu.

"Kabaki," nikasema.

"Nakuja."

Akaja na mfuko wa karanga, akaniamkia shikamoo, akawapokea watoto shikamoo zao, akauliza ungo uko wapi. Mdogo wangu hawezi kukaa nyumba ya mtu bila kazi mkononi. Tukatandika mkeka barazani tukaanza kumenya, sisi wawili na mwanangu. Upepo wa Dodoma ukawa unatupeperushia maganda usoni. Yule wa bweni alikuwa ndani anapanga vitu kwenye tranka lake jipya.

Mwanangu hakuwa amesema lolote kuhusu jambo hili tangu habari ilipofika. Alikuwa anakwenda shule, anarudi, anakula ugali wake na mlenda, analala. Nilijiambia ametulia. Mzazi hujiambia anachotaka kusikia.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "mapacha si wanatoka tumbo moja?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona akili kapewa yeye peke yake?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa la kweli. Hamkutoka tumbo moja. Maneno matatu tu, na mwanangu angepona. Angejua kwamba hakuna aliyemnyima fungu lake, kwamba wale ni watu wawili wenye mama wawili, na kila mmoja kachukua kwao. Nililitaka lile jibu kama mtu anavyotaka maji. Na nilijua kwamba nikilitoa, yule aliyekuwa ndani anakunja shuka angepoteza mama mchana kweupe, na mwenye mtoto ameketi karibu yangu na ungo mapajani.

Nilifungua mdomo. Sitajipamba hapa, nilikuwa karibu kulisema.

"Mlitoka tumbo moja," mdogo wangu akadakia. "Mimi nilikuwepo."

Mwanangu akamtazama.

"Wewe ndiye uliyetangulia. Ulitoka bila kumsumbua mtu. Mwenzako ndiye aliyechelewa, na alipokuja, mama yako akaugua sana. Akili yote ikamtoka. Pengine ilienda kwa mtoto."

"Ulimpokea wewe?"

"Nilimpokea mimi, kwa mikono hii."

"Alilia?"

"Alilia sana. Wewe ulikuwa umeshanyamaza, unamtazama tu."

Yule mwingine alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na shuka mkononi. "Kwa hiyo mimi ndiye mdogo?"

"Wewe ndiye mdogo," mama yake mzazi akamwambia. "Na mdogo humsikiliza dada yake."

Mwanangu akakung'uta maganda kwenye sketi, akainuka. Akamnyang'anya mwenzake ile shuka, si kwa ugomvi, wakaingia ndani. Tukamsikia akisema shuka haikunjwi hivyo, ishike kule, ivute.

Mdogo wangu akachagua karanga nyingine. Vidole vyake vilishindwa kuipasua, akaiweka kando, akachukua nyingine, nayo ikamshinda. Nilitaka kumshukuru. Nikavuta ungo wake nikamenya fungu lake na langu, kwa sababu ningesema neno moja angelia, na mimi sikuwa na hata chozi moja la kumsindikizia.