Wimbo Uliobaki Kwenye Takataka

Yule msichana alijuaje kilichokuwa ndani ya mashine ambayo hakuigusa hata kwa kidole? Nawaambia mapema: jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Na mimi ni mtu ambaye hata kanisani huuliza maswali mpaka mama ananifinya.

Nilikuwa na kibanda changu cha kuchapa na kufotokopi kule Mpofi, na paneli ya jua juu ya bati. Asubuhi hiyo mwalimu mmoja, Kaka Bahati, aliniletea laptopu iliyojaa virusi. Ilibidi kufuta kila kitu na kuweka sistemu upya.

"Ukopie masomo na picha," aliniambia huku akitazama mlango. "Zingine uziache zikufe."

"Uko hakika, kaka? Nikisha kufomati, hakuna kurudia nyuma."

"Niko hakika, dada." Akaondoka kwenda Buleusa.

Nikakopi masomo, nikakopi picha, nikazifungua moja moja kwenye diski yangu kuona kama zimefika salama. Mvua ikaanza. Wingu lilikuwa limefunika paneli, betri inashuka, na mimi naogopa moto wa betri usikatike katikati ya kazi. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Dada, na wimbo wangu?"

Msichana alikuwa amesimama kando ya mashine ya fotokopi, katika robe, gauni la kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Mlango sikuusikia. Na niaminini, mvua ya Mpofi haimsamehe mtu: kila anayeingia kwangu huacha tope mpaka chini ya meza. Miguu yake ilikuwa safi, mikavu.

"Wimbo gani? We uko nani wa Bahati?"

"Mu takataka hauyaangalia bado."

"Weye nawe! Ni nani anakopiaka takataka?" Nilimtania ili nisikie sauti yangu mwenyewe.

Hakucheka. "Angalia kwanza, dada. Kisha ufute."

Nani angekataa? Nikafungua lile kapu ambamo mashine hutupa vilivyofutwa. Kulikuwa na kitu kimoja tu: video. Nikairudisha, nikaibonyeza. Kwaya mbele ya altari, wote wamevaa nyeupe, na aliyeimbisha alikuwa na uso uleule niliokuwa nikiutazama. Nilipoinua macho, hapakuwa na mtu. Saruji pale aliposimama ilikuwa kavu.

Bahati aliporudi nilimwekea video. Sauti ilipoanza, alikaa chini, palepale sakafuni.

"Riziki," alisema. "Dada yangu."

Alikuwa amekufa kabla ya mavuno ya maharagwe. Siku ya maziko Bahati alisikiliza ule wimbo, akashindwa kuuvumilia, akaufuta. Kesho yake aliutafuta kila mahali. Hakujua kwamba kilichofutwa hubaki kwanza kwenye takataka. Na sauti ya Riziki haikuwa imebaki mahali pengine popote duniani.

"Kuko binamu anafanana naye?" nilimuuliza.

"Wako wengi, kule Itebero. Juu ya nini unauliza?"

"Bure tu, kaka."

Nikaling'ang'ania hilo. Binamu! Aliletwa na pikipiki, akanawa miguu mlangoni, na siku ya maziko alikuwa amemwona Bahati akifuta. Haiwezekani? Nimejiambia hivyo mara nyingi, na bado hadi leo siwezi kufomati mashine nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nawe unayesoma, kabla hujabonyeza kile kitufe, fungua takataka. Kisha muulize mwenye mashine mara ya pili ni nani yumo humo.

Miaka ilipita. Huko Itebero nikakutana na Mama mmoja, msimamizi wa kwaya ile ya kwenye video. Nikamuuliza, kama mzaha, wapi ningepata kitenge cha bluu chenye ndege weupe.

"Kile?" aliuliza. "Ulikiona wapi, mutoto wangu? Fundi alishonaka robe moja tu, ya mufano, na ni Riziki aliijaribu. Ni ile tulimuzika nayo. Wengine wote wa kwaya tulikikataa kile kitenge."