Kabla Hamjaivunja Shule ya Mawe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka shavu huniwaka kana kwamba nimezabwa kofi jana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa mawe, nikijiona sina mfano kuanzia Ruring'u hadi Karatina. Nitakusimulia, lakini kaa vizuri kwanza, maana leo sina maneno laini. Tangu ule mkutano wa Jumapili baada ya ibada nina hasira hata chai hainishuki.

Wewe, mtoto wa mwenzangu wa rika, ndiye uliyesimama mbele ya watu ukaisonta shule ya zamani pale kilimani. Ukasema, "Wazee, hiyo ni magofu tu. Karatina wako na maghorofa, sisi tuko na popo. Jumamosi tingatinga ikuje tumalize hiyo maneno, tujenge maduka." Wenzako wakapiga makofi. Mimi nikanyamaza, na usidhani ilikuwa busara. Ningefungua mdomo ningekutukana mbele ya mama yako.

Sasa sikiliza. Shule ile ilikuwa na majengo mawili. Hilo mnalotaka kulivunja ni la pili. La kwanza lilikuwa chumba kimoja tu cha mawe, na aliyelivunja ni mimi.

Kamati ya shule ya wakati huo ilitaka mawe ya kujengea choo cha walimu. Badala ya kwenda machimboni, wakaona chumba kile kidogo hakina kazi, wakaniita. Sikuuliza swali hata moja. Nilichukua nyundo kubwa na mtaimbo, na kufikia saa sita mchana kuta tatu zilikuwa chini, nami napiga mluzi. Wanasema ujana ni moshi, na wangu wote ulikuwa umenipanda kichwani.

Ndipo akaja Cucu Wambui, bibi kizee jirani yetu. Alikuwa amebeba kuni mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu huupitisha juu ya paji la uso ili kichwa kisaidie mgongo. Akatua kuni, akatazama kile kifusi kwa muda mrefu.

"Kijana, uliuliza nani ndio uvunje?"

"Kamati ndio imesema, Cucu."

"Na hiyo kamati ilibeba mawe ngapi?"

Nikacheka. Ndiyo, nilimcheka mwanamke wa umri wa nyanya yangu. Akavua kitambaa chake cha kichwa, akakishika kidole changu, akakibandika kwenye paji lake. Mfupa ulikuwa umebonyea pale, na kidole kililala ndani. Akaniambia mawe yote ya shule ile yalitoka mtoni, kule chini kabisa. Zama za mkoloni, wazazi wa hapa waliamua kujijengea shule yao wenyewe, wasiwafundishe watoto wao kwa masharti ya mtu mwingine. Baba zetu walichonga mawe. Mama zetu waliyapandisha kwa mukwa.

Kisha akaufungua ukanda kutoka kwenye kuni, akalifunga jiwe moja nililoliangusha, akaniamuru niiname. Kwetu mwanamume habebi kwa mukwa. Afadhali ushikwe ukiiba kuku. Lakini jicho la yule mama lilinitisha, nikainama. Akanituma niliteremshe jiwe hadi mtoni, halafu nilipandishe tena. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walisimama kunitazama, na wengine walishika mbavu. Kushuka nilijikaza. Kupanda kulinishinda kabla ya nusu ya njia. Shingo iliwaka moto, ukanda ukanikata paji, nikalitupa jiwe na kulikalia nikihema kama ng'ombe.

Cucu alikuwa amenifuata polepole. Hakunicheka. "Mama yako alikuwa anapandisha tatu kwa siku," akasema, "na dada yako akiwa kwa tumbo."

Mama yangu! Nilikuwa nakula kwake kila siku. Paji lake lilikuwa limebonyea vivyo hivyo tangu nipate akili, nami nikadhani ni uzee. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza. Jioni ile nilishindwa kumtazama usoni. Na yale mawe? Yalijenga choo, choo kikajaa, kikafukiwa, nayo yako huko huko chini hadi leo. Majuto ni mjukuu, na wangu huyo amezeeka pamoja nami.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hukukosea yote. Paa limeoza, na ukuta wa nyuma una ufa ambao mtoto anaweza kupitisha mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi wazee hatukuuziba. Tulihamia shule mpya kando ya barabara, ile tukawaachia popo na mbuzi. Kwa hiyo nusu ya hasira hii najikasirikia mwenyewe. Nusu nyingine ni yako, kwa sababu baba yako alijifunzia kusoma mle ndani, na wewe umesimama ukaicheka mbele ya kijiji kizima.

Basi nakuusia hivi. Kitu ambacho hukukibeba, usikivunje kabla hujawauliza waliokibeba. Na kama wamekwisha kuzikwa, waulize watoto wao. Kabla ya Jumamosi leteni fundi anayejua kazi aukague ukuta ule. Akisema unafaa, tuuzibe, tuezeke mabati, tuifanye maktaba au ukumbi wenu vijana. Hata ghala la viazi sitakataa. Akisema utaua watoto, tutaushusha, lakini jiwe kwa jiwe, kwa mikono yetu, na mawe hayo hayo yajenge kitu kitakachomfaa mtoto. Tingatinga silitaki. Likija litanikuta nimeketi ndani ya darasa la kwanza, na dereva aambiwe mapema kwamba huyu mzee hasikii vizuri na hana haraka.

Haya, sogea hapa. Hasira ya mzazi haimfukuzi mtoto. Nakutemea mate kifuani kama wazee wetu walivyobariki: Mungu wa mlima Kirinyaga akupe mikono yenye nguvu kuliko mdomo wako, akupe mke mwenye heri na mashamba yenye mvua, akuzeeshe vizuri, nawe uwe na kitu cha kuwaonyesha wajukuu ukisema, hiki tuliachiwa, na hatukukivunja. Thaai, iwe amani.