Bolti ya Batholomeo

Batholomeo Ndahani ni Mgogo wa Ihumwa, Dodoma, na mimi Masudi ni Mnyamwezi wa Tabora niliyehamia huku nikiwa kijana. Kwa hiyo msomaji asishtuke nikimsema vibaya. Sisi ni watani. Babu zangu walipita Ugogo na mizigo vichwani, babu zake wakawalipisha hongo ndipo wapate maji ya kunywa, na tangu enzi hizo tumepewa ruhusa ya kutukanana bila kugombana. Nikimkuta anakula, nyama ya sahani yake ni yangu. Yeye akiikuta kofia yangu imetundikwa mahali huondoka nayo, nami sina budi kuikomboa kwa kitu. Mtani hakasirikiwi. Bila sheria hiyo, haya ninayoyasimulia yangeishia pabaya.

Batholomeo ni fundi chuma. Ni mfupi, kifua kipana, na anaongea kwa sauti ya juu hata kanisani, maana masikio yake yamezoea nyundo. Tulifanya kazi pamoja kwenye shamba moja la serikali, yeye karakana, mimi dereva wa trekta. Shamba lilipokufa tukapewa barua za kutushukuru, kila mtu akashika njia yake. Mimi nilibahatika. Wakulima wa Ihumwa walikuwa wameunda kikundi, wakanunua trekta kuukuu la shamba lilelile na kunichukua mimi niliendeshe. Mwenzangu alijenga kibanda cha mabati kando ya reli akaanza kufua majembe, bawaba na vitanda.

Vitu vyake vilikuwa vizito kupita kiasi. Kitanda cha Batholomeo kikihamishwa huitwa wanaume wanne, na mmoja wao lazima atatukana. Mlango aliomtengenezea mwenye duka wa hapa kwetu ulikuwa imara hivi kwamba mwizi alipokuja aliuacha akabomoa ukuta. Mwenye duka alilalamika, lakini Batholomeo aliufurahia wizi ule mwezi mzima. Alikuwa na msemo wake mmoja, kwamba kitu kikitoka mkononi mwake hakikatiki.

Mwaka tisini na tatu kikundi chetu kikapata mfadhili wa kutununulia rotaveta. Kwa asiyeijua, rotaveta ni jembe linalofungwa nyuma ya trekta, lina mhimili wenye visu vingi vilivyopinda, na visu hivyo huzunguka kwa nguvu ya injini. Plau hupindua udongo na kuacha mabonge makubwa kama vichwa vya ng'ombe. Rotaveta hupita juu yake ikayasaga. Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Majengo mjini, ambayo zamani ulikuta sabuni moja na mwenye duka anasinzia, yalikuwa yamejaa vitu vya nje hadi barazani. Kijana mmoja mchangamfu aitwaye Abuu alikuwa ameleta rotaveta kutoka ng'ambo, nyekundu, inang'aa, bado ina karatasi za nailoni.

Tatizo ni kwamba Batholomeo naye alikuwa na yake. Aliifanyia kazi miaka miwili. Giaboksi aliitengeneza kwa difu, zile gia za ekseli ya nyuma, ya lori bovu, visu akavifua kwa springi za lori hilohilo, na bodi akachomelea kwa mabati mazito ya tangi la maji. Haikuwa na rangi. Ukiiangalia kwa mbali ungedhani ni ajali.

Lakini mzaha pembeni, mwenzangu alikuwa pabaya. Kazi za karakana zilikuwa zimepungua, kwa sababu bawaba na majembe ya nje yalishuka bei na yalikuwa mepesi kubeba. Abuu, ambaye hana roho mbaya hata kidogo, alikuwa amemwahidi kazi ya ulinzi kwenye ghala lake. Batholomeo alimwambia mkewe Generosa mbele yangu, "Kikundi kikichukua mashine yangu, nitaendelea kufua. Kikichukua ile nyekundu, nauza fuawe, naenda kulinda geti la Abuu." Generosa aliendelea kuchambua mlenda. Fundi wa namna ile kukaa getini na rungu, niliona ni dhambi.

Mwenyekiti wetu, Bibi Anyesi, mama mzee mwenye shamba kubwa la karanga, aliamua jambo kwa kifupi. "Zote mbili zije shambani. Masudi ataziendesha zote, asije mtu akasema dereva alikuwa mbovu."

Wiki moja kabla ya siku hiyo tulikwenda mimi na Batholomeo kuichungulia rotaveta ya Abuu. Aliizunguka kimya, akagonga hapa na pale, akapapasa visu, nikaona wivu na heshima vinapigana usoni mwake. Halafu akafika pale shafti inapoungana na giaboksi. Palikuwa na bolti moja tu. Akaikwaruza kwa tupa, ikakwaruzika kirahisi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mnyamwezi, njoo uone maajabu! Mashine nzima wameishikiza kwa bolti laini kama mua!"

Nikamweleza. Sisi madereva tuliwahi kuwa nazo kule shamba la serikali, tukizibadilisha wenyewe bila kufika karakana. Bolti ile huwekwa laini kwa makusudi, ili visu vikigonga kisiki ikatike yenyewe na giaboksi isalimike. Bolti ni ya kutupa, giaboksi si ya kutupa.

"Kitu kinatengenezwa ili kikatike?" akaniuliza. "Mtu akijenga nyumba huacha ukuta mmoja wa kuanguka?"

Yake alikuwa ameifunga kwa bolti ya chuma kigumu aliyoichonga mwenyewe, nene kama kidole gumba. Nilimwambia tena tulipokuwa njiani kurudi. Nikamwambia mara ya tatu kesho yake, kwa upole, nikimkumbusha kwamba shamba la majaribio lilikuwa pori la migunga miaka minne iliyopita na visiki vyake vingine bado vimo ardhini. Akanijibu kwamba siku akitengeneza kitu cha kukatika, nimpeleke hospitali ya Mirembe wakamtibu kichwa. Nilikasirika. Mwenzangu alikuwa anakwenda kuizika miaka yake miwili mbele ya kijiji kizima kwa ubishi.

Siku yenyewe asubuhi nilifika kwake kuifunga mashine kwenye trekta. Batholomeo alikuwa amekwenda kuoga, maana alitaka kuvaa shati la ubatizo wa mwanawe. Generosa alikuwa jikoni anakoroga uji. Mtani wa halali akichukua kitu lazima awepo shahidi, vinginevyo ni mwizi wa kawaida. Kwa hiyo nikamwita.

"Shemeji, nachukua mali ya mumeo. Umeona?"

Nikaichomoa bolti ngumu nikaitia mfukoni, nikachomeka bolti ya kawaida ya dukani, ya chuma laini. Generosa akanitazama, akautazama mfuko wangu, akarudi kwenye uji wake. "Wanyamwezi hamna adabu," alisema. Nilimwona anacheka mabegani.

Shambani kulikuwa na watu kama harusi. Nilianza na ile nyekundu. Niseme ukweli, ilikuwa raha. Haikupiga kelele, trekta halikuhisi mzigo, na udongo uliotoka nyuma yake ulikuwa laini kama unga wa mtama. Wanawake waliuchota viganjani wakawa wanaupuliza. Abuu alisimama pembeni mikono mifukoni, kama baba wa bwana harusi.

Nikaja na ya Batholomeo. Mama yangu! Kelele zake ziliwaondoa ndege kwenye miti ya ng'ambo ya reli. Ilitikisa trekta, ikanitikisa mimi, na udongo haukusagika kuwa unga, ulibaki na vibonge vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Batholomeo alitembea kando yangu na shati lake jeupe, jasho likimtoka, anaipigia kelele kana kwamba ni ng'ombe wake. Tulikuwa tumemaliza nusu ya kipande chake niliposikia mlio, ta! Visu vikasimama. Shafti ikabaki inazunguka yenyewe.

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Batholomeo alisimama akaitazama ile mashine, na uso wake ukawa wa mtu aliyepewa habari ya msiba. Aliamini difu imepasuka. Nilizima trekta, nikashuka, nikapanda juu ya bonge moja la udongo.

"Mgogo!" nikapaza sauti. "Mali yako ninayo mimi!" Nikaitoa bolti yake ngumu mfukoni nikaiinua watu wote waione. "Asubuhi nimeichukua, shahidi mkeo. Babu zangu walitoa hongo hapa ili wanywe maji. Leo hongo mnatoa nyie. Nataka jogoo, na asiwe mzee!"

Kicheko kilichozuka hapo kilikuwa kingine kabisa. Wagogo wenzake ndio walicheka zaidi, kwa sababu mwenzao amepatikana na mtani. Batholomeo alinitazama, na nakiri kwamba kwa muda kidogo niliogopa. Macho yake yalikuwa mekundu. Kama ningekuwa rafiki tu, nadhani angenirukia. Mdomo ukamcheza, akajizuia, akapiga magoti chini ya mashine yake.

Alikaa huko muda mrefu. Akakiona kisiki cha mgunga, kinene kama paja, kimechanwa na visu. Akavipapasa visu, vizima. Akauzungusha mhimili kwa mkono, akaweka sikio kwenye difu, na difu ikageuka bila mkwaruzo wowote. Kisha akaokota vipande viwili vya bolti ya dukani, akaviunganisha, akavitenganisha tena. Alipoinuka hakuniangalia.

"Nani ana msumari wa inchi sita?"

Fundi seremala mmoja alikuwa nao. Batholomeo akauchomeka pale penye tundu, akaupinda kwa nyundo mara mbili, akanipungia mkono niwashe. Kabla hata chai haijapoa, tulikuwa tunalima tena. Msumari ulikatika mara nyingine moja kabla ya kufika mwisho, na safari hiyo hakuna aliyecheka, kwa sababu watu watatu walikimbia kumletea misumari.

Abuu akaomba uamuzi. Bibi Anyesi akamwambia, "Mwanangu, hapa Dodoma shamba halihukumiwi likiwa kavu. Pandeni karanga vipande vyote viwili, tungoje mvua."

Mvua ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa Desemba, ile ya kwetu, inayopiga nusu saa kama imetumwa, halafu jua linarudi. Siku ya tano tulikwenda kutazama. Kipande cha nyekundu kilikuwa kimeganda ukoko mgumu juu kama wa ugali uliobaki sufuriani, karanga zimekwama chini zinahangaika kutoka. Kipande cha Batholomeo, vile vibonge nilivyovisikitikia vilikuwa vimeshika maji, na miche ilikuwa imesimama imejipanga.

Hapo ilinibidi niseme jambo ambalo lilinikera kulisema. Nilikuwa nimegundua kwamba mashine ya Abuu ina kifuniko cha nyuma ambacho ukikiinua na kuongeza mwendo, haisagi sana. Kosa halikuwa la mashine. Kitabu chake kiliandikwa kwa maandishi ambayo hata Abuu hakujua aanze kukisoma upande gani. Nikasema hayo mbele ya wote, na Batholomeo yupo. Aliitikia kwa kichwa tu.

Bibi Anyesi akafikiri, akang'oa mche mmoja akautazama mizizi. "Ile nyekundu ni nzuri," alisema. "Ikivunjika tutamwandikia nani barua? Huyu tutamwita kwa kupiga filimbi." Kikundi kikachukua ya Batholomeo.

Abuu hakununa. Aliuza nyekundu nyingi baadaye, mpaka Kondoa na Gulwe, na nyingi zinalima vizuri. Lakini udongo wetu wa kichanga hula visu kama panya anavyokula mahindi, na vya kubadilisha vilichelewa bandarini. Anayevifua ni Batholomeo, na vyake hudumu zaidi. Kibanda cha mabati sasa ni vibanda vitatu. Kila rotaveta anayoitengeneza hutoka na kopo la misumari ya inchi sita, na mteja akicheka humwambia ile misumari ndiyo sehemu ya mashine iliyomgharimu zaidi.

Jogoo alimleta mwenyewe, jioni ya siku kikundi kilipoamua. Alikuwa jogoo kijana, mwekundu, amefungwa miguu kwa kamba ya katani.

"Mbukwa, mpagazi," akanisalimia kwa Kigogo, akaninyooshea mkono. Nikampa bolti yake. Aliigeuzageuza, kazi nzuri sana ile, hesi zake za kukazia nati zimechongwa kwa mkono.

"Ungeniambia mapema," akasema.

"Nilikuambia mara tatu!"

"Uliniambia kama rafiki, Masudi." Hakuwa ameniita jina langu kwa miaka. "Rafiki nabishana naye. Mtani nifanye nini?"

Generosa, aliyekuja naye, alikuwa ameshaweka maji motoni, tukamchinja jogoo, tukamla sote watatu, na paja alilinyang'anya Batholomeo sahanini mwangu. Bolti aliipigilia kwenye nguzo ya mlango wa karakana. Hutundika kofia hapo akiingia kazini, nami nikipita huondoka nayo.