Nusu Ng'ombe Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Kosa langu la kwanza kwenye gazeti letu dogo la Nakuru lilikuwa kumwagia maji moto ukuta wa jikoni wa mama mmoja kule Mau Narok. Nilikuwa na sababu. Huwa nina sababu kila wakati, na hilo ndilo tatizo langu.

Mzee aliyelianzisha gazeti, ambaye sote tulimwita bosi, alikuwa ameamua kuacha kuchapisha. Habari zingebaki kwenye simu tu. Kwa toleo la mwisho alinipa kazi moja: niandike historia ya gazeti, na nitafute picha ya ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza kabisa.

"Nataka kuuona tena mara moja," aliniambia. "Halafu nifunge."

Hata kichwa cha habari alikuwa amekisahau. Nakala zake alizihifadhi kwenye chumba cha kukodi Kihoto, Naivasha, na ziwa lilipopanda likazisoma zote likazimaliza.

Mimi uandishi nilijifunza mwenyewe, kwa kusahihisha kwa kalamu magazeti ya kufungia nyama. Kazi hii niliichukua kama mtihani. Aya ya kwanza niliiandika upya mpaka ikaisha maana. Kisha dereva mmoja wa lori la viazi, tukila meza moja pale Salgaa, akaniambia gazeti letu limebandikwa jikoni kwa mamake tangu zamani. Sikushangaa. Kule juu Mau Narok nyumba za mbao hupitisha upepo, na watu huziba nyufa kwa magazeti na gundi ya unga wa ngano. Wasomaji wetu waaminifu zaidi walikuwa kuta.

Mamake alinipokea kwa chai. Tukasogeza kabati la vyombo, na hapo nyuma, ambapo moshi haukufika, ukurasa ulikuwepo mzima, "Toleo la 1" kwenye kona na picha ya ng'ombe katikati. Nikatoa simu. Picha ya kwanza, ufa wa mbao ulikuwa umepinda mstari mmoja. Nikaifuta. Ya pili ilikuwa na kivuli kwenye kona. Nikaifuta. Nilifuta zote, kisha nikaingia mahali simu inapotunza zilizofutwa nikafuta huko pia, kwa kuwa sipendi uchafu.

"Haitoki?" mama akauliza.

"Inatoka, mathe, lakini haijanyooka. Afadhali nibandue ukurasa wenyewe niupeleke kwa mashine ya kunakili, halafu nikurudishie."

"Utabandua na nini?"

"Maji moto. Nimeona kwa video."

Kwenye video karatasi ilivuka ukutani kama soksi mguuni. Mimi nilimimina birika zima. Kichwa cha habari kikavimba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa nimekisoma. Muda wote nilikuwa nikiangalia kama mistari imenyooka. Kabla sijasoma neno la pili, ukurasa ulikuwa sakafuni kama uji, na upepo wa Mau Narok ukatuingilia jikoni.

"Sasa wewe," mama akasema, akijifunga leso mabegani, "ulikuja kusoma ama kupika?"

"Pole sana, mathe."

"Pole haizibi upepo. Koroga unga."

Nikakoroga. Karatasi pekee niliyokuwa nayo ni toleo letu la wiki ile, lenye habari yangu kuhusu mbegu za viazi. Nikaibandika, nikaona sentensi mbili zinazosema jambo lilelile, nikatoa kalamu.

"Wewe! Bandika! Nasikia baridi!"

Nilichookoa ni kipande kinachotosha kiganja, chenye ng'ombe upande wa mkia.

Asubuhi iliyofuata, siku ya kuchapisha, nilisimama mbele ya bosi na hotuba niliyoifanyia mazoezi njia nzima. Hakuisubiri.

"Picha?"

"Nilizifuta, bosi."

"Kwa nini?"

"Hazikuwa zimenyooka."

Nikamwekea kile kipande mezani na kuanza kufikiria nitakavyowaeleza watu wa nyumbani kwamba mimi pia nimefutwa. Bosi akavaa miwani, akainama.

"Huyu alinipiga teke," akasema. "Sikuwa na mpiga picha. Nikachuchumaa mimi mwenyewe nyuma yake, kama mjinga."

Akacheka mpaka akavua miwani tena. Kisha akaanza kusimulia jinsi alivyopanda na lori la maziwa, nguo zikiwa bado na matope ya yule ng'ombe, kugawa nakala za kwanza huko juu.

"Andika," akaniambia.

"Bosi, ile aya ya kwanza bado—"

"Andika ninavyosema! Mashine inangoja."

Nikaandika, naye hakunipa nafasi ya kurudi nyuma hata mara moja.

Toleo la mwisho lilitoka na nusu ng'ombe kwenye ukurasa wa kwanza, amepinda, ana doa la unga. Bosi alimtazama vizuri, akakunja nakala yake, akaitia kwenye koti, akafunga mlango. Nakala nyingine nilimpelekea yule mama, akaibandika nyuma ya kabati, juu chini.

Siku hizi ninaandikia gazeti letu la kwenye simu. Sifuti picha kabla mtu mwingine hajaiona, na nikikuta karatasi popote, kwanza ninaisoma.